Muhogo wa Pindo Jeupe

Mama Agathe hakuweza kupita mbele ya mti wa muhogo bila kugeuza jani. Haikujalisha muhogo ulikuwa wa nani. Tukienda kanisani, tukienda msibani, tukiwa tumechelewa na mvua inashuka milimani, alisimama, akashika jani kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa sokoni, akalipindua, akatazama mgongo wake, kisha akaendelea na safari na maneno yake pale alipoyaachia. Hata mafungu ya sombe, majani ya muhogo ya kupika, aliyafungua sokoni na kuyageuzageuza. Wauzaji walimzoea.

"Daktari amefika," walisema. "Bagonjwa bakae muzuri."

Tabia hiyo aliipata miaka ile ugonjwa wa mozaiki ulipopita katika tambarare ya Ruzizi. Wakati huo alikuwa mama kijana pale Sange. Majani ya muhogo yalijikunja na kujaa madoa ya njano, mizizi ikadumaa ardhini, na watu wakala mahindi mpaka wakachoka nayo. Agronomu mmoja, bwana shamba, aliwafundisha kwamba inzi weupe wadogo wanaobeba ugonjwa hukaa chini ya jani, si juu. Baadaye zikaja mbegu ngumu zaidi na mozaiki ikapungua, lakini mkono wa Mama Agathe haukuacha kazi yake.

Alikuwa mama wa mume wangu. Naandika habari zake kwa sababu najua hakuna mwingine atakayeziandika, na kwa sababu shamba ninalolima leo nimelipata kupitia kwake.

Alizaliwa Lemera, juu milimani, akashuka tambarare alipoolewa Sange na mkulima wa mpunga na muhogo. Mumewe alipofariki alihamia Uvira, mtaa wa Mulongwe, awe karibu na Patient, mwanawe wa pekee, fundi wa mashine za boti pale Kalundu. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Aliimba katika kwaya ya akina mama, akasahau ubeti wa pili wa kila wimbo, na kila alipopotea aliziba pengo kwa "aleluya", hata katika nyimbo za Ijumaa Kuu. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliwakaanga mpaka wakalia mdomoni kama karanga. Sifa hakuzipenda, isipokuwa sifa za kitu kimoja alichokuwa nacho nyuma ya nyumba.

Pale nyuma, kuzunguka bafu, uzio ulikuwa wa miti ya muhogo, na sijaona muhogo mwingine wa namna ile. Kila jani lilikuwa kijani katikati, na ukingoni lilizungukwa na mstari mweupe safi, kama pindo la kitambaa cha meza. Matawi mengine yalitoa jani ambalo nusu yake ilikuwa nyeupe na nusu kijani. Mara chache lilichomoza chipukizi jeupe kabisa, zuri mpaka likatisha, nalo halikudumu. Lilinyauka kabla ya kukomaa. Majirani waliupa mti huo jina la Bibi Arusi.

Alikuwa ameutoa Sange. Katika mavuno yake ya mwisho kule, aliona tawi moja la pindo jeupe kwenye shina ambalo matawi yake mengine yote yalikuwa ya kawaida. Akageuza jani. Hakukuwa na inzi. Jani lilikuwa nyoofu na laini, halikujikunja, halikuwa na madoa ya njano. Basi haikuwa mozaiki, na katika hilo alikuwa sahihi. Akakata tawi, akalibeba mpaka Uvira, akalipanda. Muhogo hupandwa kwa vijiti vya shina, kwa hiyo kila mwaka alikata na kuchomeka, akakata na kuchomeka, mpaka bafu lote likazungukwa. Hakuwahi kuchuma majani yake apike sombe, kwa kuyaonea huruma. Wala hakuwahi kuuchimba. Nani huchimba uzio wa bafu lake? Mizizi ya Bibi Arusi hakuna aliyeiona.

Lakini yeye alikuwa na hakika kuhusu mizizi hiyo. Jani lenye weupe, alisema, litatoa unga mweupe. Kwetu mwanamke hupimwa kwa weupe wa unga wake, na bugali ya kijivu husemwa mtaani. Kwa hiyo wazo lake halikuwa la kijinga. Alikuwa na hazina, na alikuwa akimtunzia mtu.

Mtu huyo nikawa mimi, Eliane. Patient aliponioa nilikuwa nimeshafika umri ambao watu huacha kumuuliza mwanamke ataolewa lini. Nilisomea ualimu Bukavu na nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Uvira. Mimi ni mtu wa kimya, na kuna siku huzuni hunijia bila kubisha hodi. Watu wa ukoo wa mume wangu walidhani kimya changu ni kiburi cha shule. Mama Agathe hakuniuliza chochote. Alinikalisha jikoni, akanipa ndagala wa kuchambua, akaongea kwa niaba yetu sote wawili.

Shamba la Sange lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe, na msimamizi wake alikuwa dada mkubwa wa marehemu, Shangazi Bénédicte. Ukoo ule una desturi yake. Bibi mpya hupewa kipande alime, na muhogo wake wa kwanza huchimbwa mbele ya mashangazi. Ukijaa, shamba linakuwa lake maisha yake yote. Ukimshinda, linarudi. Wanaamini kuna mkono mbichi na kuna mkono mkavu. Kinachopandwa na mkono mkavu huota na kusimama, lakini hakijazi mizizi. Na mwanamke akishaitwa hivyo haitwi tena shambani, wala haombwi kumsaidia mtu kupanda hata maharage.

Nililitaka shamba lile kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Patient alikaa majuma mengi ziwani, Kalemie na kurudi. Mtoto hatukupata. Mwanamke asiye na mtoto katika ukoo wa mumewe huishi kama mgeni aliyekaribishwa kiti lakini hakuambiwa avue viatu. Nilitaka mahali ambapo ningesimama bila kuomba ruhusa.

Mama Agathe akaukata Bibi Arusi wake mpaka visiki. Akafunga vijiti katika gunia, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Siku ya ndoa sikukupatia kitu," alisema. "Hii njo zawadi yako. Shangazi atakula bugali nyeupe mpaka asahau kusema."

Nilivipanda vyote. Vikashika. Msimu ule watu walisimama barabarani kutazama shamba letu. Madereva wa taksi-bisi walipunguza mwendo, na wanawake waliotoka soko la Sange waliniomba mbegu. Miti yangu ilikuwa mifupi kidogo kuliko ya Sévère, jirani yetu ng'ambo ya mfereji. Hakuna aliyelijali hilo. Ilipendeza mno.

Siku ya kuchimba, Shangazi Bénédicte alikuja na mwavuli na kigoda chake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye utani mkali, na ilikuwa inajulikana kwamba alishamwahidi mpwa wake, Irakoze, kipande kile iwapo kingerudi. Alikaa kwenye tuta.

"Haya, Mwalimu. Tufundishe."

Nilishika shina na kuvuta. Lilikuja upesi mno. Chini yake ilining'inia mizizi myembamba kama vidole vya mtoto. Nikavuta la pili. Vidole. La tatu likatoka na mikia ya panya.

"Endelea, endelea," alisema Bénédicte. "Labda ile ya kwanza ilikuwa na haya."

Wanawake wakacheka. Nikaendelea mpaka mwisho wa tuta, kwa sababu kuacha kungekuwa aibu zaidi. Bénédicte akanyoosha mwavuli wake kuelekea ng'ambo.

"Kwa Sévère muhogo inapasula udongo. Udongo ni moja. Mvua ni moja. Maji ya mufereji ni moja. Sasa nini inabakia?" Alinitazama, sauti yake ikashuka. "Mukono, mwana wangu. Weye uko na mukono mukavu. Si kosa yako, ulizaliwa nayo."

Mama Agathe alikuwa amesimama nyuma yangu. Niligeuka nikamtazama. Alikuwa ameshika jani la Bibi Arusi, analipindua, analirudisha, analipindua tena. Tulirudi Uvira bila kuongea, na kimya chake kiliniuma kuliko mwavuli ule.

Asubuhi yake nilimsikia akiniita kutoka nyuma ya nyumba. Nilimkuta mbele ya bafu, jembe mkononi, udongo mpaka magotini. Alikuwa amechimba kisiki kimoja cha uzio wake, cha miaka na miaka. Mizizi aliipanga juu ya jiwe la kufulia. Ilikuwa na ngozi ngumu ya uzee, lakini mikubwa yake haikuzidi mpini wa mwiko.

"Hii nilipanda na mukono gani?" aliniuliza.

"Wako, Mama."

"Basi na minye ni mukavu?" Alijigusa kifuani. "Minye nimelisha batu wa Sange muhogo tangu ujana." Aligusa mzizi kwa ncha ya jembe. "Iko na kitu ndani ya huu muti. Weye ulisoma. Niambie."

Tukakaa juu ya jiwe. Nilimwambia kwamba ndani ya kila chembe hai ya mmea kuna maagizo, ndiyo tunayoyaita jeni, na kwamba mmea ukikua maagizo hayo hunakiliwa tena na tena. Siku moja pale Sange, katika jicho la tawi lile, nakala moja ilikosewa, pale penye maagizo ya kutengeneza rangi ya kijani. Chembe ile ikazaa nyingine, na zote zikarithi kosa, na hizo ndizo zinazounda ukingo wa jani. Hakuna aliyelifanya. Si mdudu, si ugonjwa, si uchawi. Ni kama kitambaa cha kikwembe kilichokosewa mashineni: kosa likishaingia, kila mita inayofuata inatoka nalo. Na kwa kuwa alipanda vijiti vya tawi lile lile, alikuwa akiendelea kukata kitambaa kile kile.

"Kosa iko mu jani," alisema. "Minye nauliza juu ya mizizi."

"Kijani ndilo jiko la mmea, Mama. Jua likiwaka, kijani ndicho kinachopika. Ule weupe haupiki. Unangoja kupikiwa. Jani zima likishakula, kinachobaki ndicho kinachoshuka chini kujaza mizizi."

Alitazama pindo lile aliloliosha vumbi kwa mikono yake miaka yote ile.

"Kumbe Bibi Arusi iko anavaa tu," alisema. "Hapike."

Nikacheka, naye akacheka, mpaka jirani akachungulia kuona kama tuna wazimu.

Kisha akaacha kucheka. "Nikimwambia wifi hivi, atasikia?"

"Hapana."

"Ataona, basi."

Alinionyesha kisiki kimoja kilichokuwa kimechelewa kuchipua upya. Kilikuwa na matawi mawili: moja la pindo jeupe, jingine la kijani kitupu, bila mstari wowote. Nilimweleza kwamba hilo la pili limetoka kwenye chembe ambazo maagizo yake hayakuharibika. Ni shina moja, mama mmoja. Linalotofautiana ni agizo moja tu. Hakungojea nimalize. Alikwisha kuelewa tunachopaswa kufanya, nami pia, na sijui nani kati yetu alilisema kwanza: tupande yote mawili, tuta moja, kijani na jeupe yakifuatana, yote kwa mkono wangu.

Tulingoja matawi yakomae. Wakati huo Mama Agathe alipanda moto, pikipiki ya kukodi, akaenda Sange peke yake, yeye ambaye aliogopa chombo hicho kuliko mamba, kumwomba Bénédicte msimu mmoja zaidi. Alichosema huko nilikisikia baadaye sana, kutoka kwa Bénédicte mwenyewe. Alisema: "Mupe hiyo mwaka. Akishindwa, utwae shamba, na minye usiniite tena mu hii familia."

Hakuniambia. Alirudi, akashuka kwenye moto akitetemeka, akaomba chai.

Ule msimu ulikuwa mrefu. Pale Sange watu waliniamkia vizuri, lakini hakuna aliyeniomba mbegu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda maharage aliniona nakuja akafunika kikapu chake. Nilipalilia tuta langu nikijua kila jani. Nilijua pia kwamba biolojia haina huruma, kwamba mvua ingeweza kuharibu yote, kwamba panya hawasomi.

Siku ya pili ya kuchimba, mwavuli ulikuja tena, na wanawake walikuja wengi zaidi. Nilianza na shina la pindo jeupe. Vidole. Nikashika lililofuata, la kijani. Halikutoka. Nikavuta tena, likakataa, mpaka Sévère akavuka mfereji kunisaidia, na udongo ukapasuka ukatoa mizizi minene kama mkono wa mtu mzima, mingi, imesukumana kama watoto kitandani. Lililofuata, jeupe: vidole. Lililofuata, kijani: ilibidi kuchimba.

Bénédicte aliinuka kwenye kigoda.

"Huku mulitia mbolea."

"Wifi," alisema Mama Agathe, "imepandwa moja kijani, moja nyeupe, moja kijani, moja nyeupe. Nilikuwa ninatia mbolea na kijiko ya chai?"

Hata Bénédicte alitabasamu, bila kutaka. Kisha Mama Agathe akapita mbele yangu, akasimama juu ya tuta, pale ambapo kila mtu alimwona. Nilikuwa nimezoea sauti yake nzito. Siku hiyo ilikuwa ndogo.

"Mwaka ule munaita huyu mutoto mukono mukavu, minye nilikuwa hapa, nikanyamaza. Nilisikia haya. Ile miti ilitoka kwangu. Minye njo nilimupatia. Niliona muzuri wa macho, nikafikiri iko na chakula, na sikuchimba hata siku moja nione. Mukono ya Eliane haina kosa. Kosa iko ndani ya muti, na muti ni wangu."

Sijawahi kuona mama mkwe akisema hivyo mbele ya bibi wa mwanawe, tena mbele ya dada za mumewe. Wanawake walitazama chini. Mimi nilitazama milima ya Lemera, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa na sikutaka yaonekane.

Bénédicte aliokota mzizi mnene kuliko yote, akaupima mkononi.

"Huu ninabeba," alisema. "Irakoze atatafuta kwingine."

Ndivyo nilivyopewa shamba. Muhogo ule tuliuloweka, tukauanika, tukautwanga, na Bénédicte alikuja Uvira kuula kama desturi inavyotaka. Alimega tonge, akaligeuza mbele ya mwanga.

"Iko mweupe," alikiri.

"Na jani yake ni kijani kabisa," alisema Mama Agathe, akamsogezea ndagala.

Uzio wa bafu aliung'oa, akajenga wa mabati. Aliacha shina moja tu la Bibi Arusi, na waliokuja kuomba kijiti aliwafukuza: ya kuangalia, si ya kula. Kila mwaka, nikifika kwenye somo la jeni, huchuma jani moja la shina hilo na kulipitisha darasani. Wanafunzi hulishika pembeni, taratibu, kana kwamba litawachafua au wao watalichafua. Nawaambia ni kosa la kunakili. Siwaambii mengine, ingawa mara nyingi ndiyo ninayoyafikiria wakati jani likizunguka: kwamba kosa hilo lisilo la mtu, kuna mtu alisimama mbele ya watu akalibeba, ili nisilibebe mimi.

Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, na moyo, walisema, ulikuwa umechoka. Aliomba apelekwe Lemera, karibu na alikozaliwa, na hospitali ya kule ikampokea vizuri. Nilipanda mlimani kila nilipopata ruhusa shuleni. Nilikuwa namwosha, namsuka, namwimbia beti za pili. Sikuwahi kumshukuru kwa maneno. Kila nilipoanza aliniambia nifunge dirisha, au nilifungue.

Mara ya mwisho nilipoagana naye, nilisimama mlangoni na kumwambia kwamba bugali ya pale haimfai, kwamba nikirudi nitapitia dukani Uvira nimletee unga mzuri. Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Usipite mu duka," alisema. "Uniletee ya mu shamba yako."